Kaka Ambaye Mume Wangu Hakuambiwa Habari Zake

Kaka yangu mkubwa alikuwa na uso mrefu na masikio mapana, na alipofurahi alijiuma mgongo wa mkono. Ukimwambia, "Habari ya asubuhi," alijibu, "Asubuhi, asubuhi, asubuhi," huku amegeuza uso pembeni kama mtu aliyepigwa na jua machoni. Hakujua kusoma wala kuhesabu. Aliwajua ng'ombe wote wa nyumbani, pale ukingoni mwa mji wa Bungoma upande wa Kanduyi, na aliwajua wageni wote, kwa kuwa kazi ya kufungua geti ilikuwa yake. Nilimpenda. Nasema hivyo mapema, maana niliyomtendea hayataonyesha.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mkulima mmoja kijana kutoka karibu na Kitale alitaka kunioa. Kwetu, kabla ng'ombe wa mahari hawajatajwa, wazee wa upande wa mvulana huja kuchunguza ukoo. Huketi, hunywa chai, huuliza kwa upole: kuna kifafa? Kuna uchawi? Kuna mtoto ambaye hakutimia? Hawana ubaya. Wanamtafuta mama wa wajukuu wao. Asubuhi ya siku hiyo shangazi alimchukua kaka akaenda naye kwake kuvuna maharagwe. Nilimwona akitoka na kikapu kichwani, akiimba, "Maharagwe, maharagwe." Baba alikuwa mzee wa kanisa, na sikuwahi kumsikia akisema uongo. Wageni walimuuliza ana wavulana wangapi. Akasema wawili. Walikuwa watatu. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya chai, na hakuna kikombe kilichotikisika.

Nikaolewa kanisani. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache na subira nyingi. Mkwe wa kiume kwetu hazururi nyumbani kwa wakwe, kwa hiyo kwa miaka yote ile alifika kwetu mara chache. Mara mbili alimkuta kaka. Tulimwambia ni mtoto wa jamaa wa mbali, yatima tuliyemlea. Aliyetamka neno "yatima" ni mimi, na wazazi wetu wote wawili walikuwa hai.

Mungu alitupa binti, kisha mvulana. Mvulana alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na maneno yalipokuja yalikuwa ya mtu mwingine, akirudia neno la mwisho alilosikia. Mama mkwe alikuwa na jibu lake.

"Hii mtoto ilipewa jina mbaya," alisema. "Kuna mzee wetu mwingine anaitaka."

Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, na mtoto asipotulia husemwa kwamba marehemu amekosewa. Basi mwanangu alibadilishwa jina mara tatu, na kila mara alichinjwa jogoo. Hakuitikia jina hata moja, lakini jogoo wote watatu aliwala kwa moyo safi.

Alipokuwa na miaka minne ilinyesha mvua ya mawe. Akaruka uani, akapiga mikono hewani, kisha akauma mgongo wa mkono wake kwa furaha. Niliketi kizingitini. Nilikuwa nimemwona kaka yangu.

Sikumwambia mtu. Niliomba, nikafunga. Jumapili niliwafundisha watoto wa wenzangu kusema kweli, kisha nikarudi nyumbani nikanyamaza. Mama mkwe alikuwa ameanza kumsifu binti wa jirani mbele ya mume wangu, jinsi anavyochota maji, jinsi ndugu zake wote walivyo na akili. Nilijua kwamba ukoo uliofichwa wakati wa uchunguzi ni sababu tosha ya mwanamke kurudishwa kwao. Kila nilipofungua kinywa niliiona njia ya kurudi Bungoma, na wanangu wamebaki nyuma yangu kwa baba yao.

Miaka ya tisini ilipoanza, daktari mmoja mwanamke alianza kuja mjini Kitale mara moja kwa mwezi kuwaona watoto kama wetu. Tulimpeleka. Alimtazama mtoto masikioni, akamtazama viganja, akacheza naye mchezo wa kurushiana mpira wa karatasi. Halafu akachukua kalamu.

"Baba, kwenu kuna mtu yeyote kama huyu?"

"Hakuna. Nimewajua mpaka kizazi cha babu yangu."

"Na kwenu, mama? Kaka, mjomba, mtoto wa dada?"

Mume wangu alinigeukia bila shaka yoyote usoni, akingoja tu.

"Hakuna, Daktari," nikasema.

Aliweka kalamu chini taratibu. "Basi leo sina la uhakika la kuwaambia. Rudini mwezi ujao. Mama, ukikumbuka chochote, hata kidogo, uje nacho."

Nilikaa na uongo huo wa tatu kwa majuma mawili. Ule wa kwanza ulikuwa wa baba nami nikaubeba, ule wa yatima ulikuwa wetu sote, lakini huu ulikuwa wangu peke yangu, na ulimfungia mwanangu mlango wa mtu aliyetaka kumsaidia. Nikamwambia Mungu, nitasema.

Mume wangu alilima mahindi ya mbegu. Katika shamba la namna hiyo hupandwa mistari ya kike na mistari ya kiume, na ile ya kike huondolewa maua ya juu kabla hayajafunguka, ili mbegu ibebwe na mmea wa kike lakini chavua itoke kwa dume. Tulikuwa tunang'oa maua hayo, yeye mstari wake, mimi wangu, asubuhi ya jua jepesi.

"Baba watoto," nikasema, "yule yatima wa nyumbani kwetu si yatima."

Akaendelea kung'oa.

"Ni kaka yangu. Tumbo moja. Wazee wenu walipokuja kuchunguza tulimficha. Mimi nilijua. Na kwa daktari pia nilijua."

Aliendelea na mstari wake, ua baada ya ua, mpaka mwisho wa shamba. Nilimwona mgongo tu. Nikahesabu nguo nitakazofunga. Halafu akageuka, akarudi na mstari wa pili mpaka alipofika nilipo.

"Yule aliyenishika mkono wa shati akanipeleka kuona ndama?"

"Ndiye."

"Na nyinyi wengine mkabaki mmekaa kama mko matangani." Akatupa maua chini. "Mimi nilisema moyoni, hapa aliyenipokea ni mmoja tu. Kumbe ni shemeji yangu. Miaka kumi, mama watoto! Kumi! Ati yatima!"

Alikasirika, sitaandika kwamba hakukasirika. Siku tatu tuliongea ya ng'ombe na ya chumvi tu. Siku ya nne akaniambia nioshe nguo za mtoto za kuendea kliniki.

Safari hii nilisema yote. Daktari hakunikemea. Alichukua karatasi akachora nyuzi mbili ndefu, na kwenye uzi mmoja akatia alama ndogo.

"Mama, hukulaaniwa wala hukukosa kitu ukiwa mjamzito. Ndani ya damu yetu kuna nyuzi zinazobeba maumbile ya mtu. Nyuzi za namna hii mwanamke anazo mbili. Wako mmoja una mahali dhaifu, lakini mwenzake anausaidia, ndiyo maana wewe ni mzima. Kila mtoto unampa mmoja kati ya hizo mbili, na hakuna anayechagua. Mvulana anao mmoja tu wa namna hii. Akipata ule dhaifu, hana wa kumsaidia. Mama yako huenda alikupa hivyohivyo, naye hakujua."

"Na binti yetu?" akauliza mume wangu.

"Huenda anao, huenda hana. Akikua mwambieni. Msimfiche." Alisema damu ingepelekwa mbali ili kuhakikisha, na miezi mingi baadaye jibu lilirudi kama alivyofikiri. Alitufundisha pia namna ya kumfundisha mtoto: jambo moja kwa wakati mmoja, kila siku saa ileile, bila kelele.

Mama mkwe alipoelezwa alipiga makofi. "Si nilisema! Ni damu ya kwao, bana!"

"Mama," mume wangu akamjibu, "mahindi ya mbegu ninayouza, mstari wa kike ukibeba gunzi lenye punje mbili mbovu, mimi huung'oa?"

"Hapana."

"Basi. Na lile jogoo la tatu tulikula bure."

Akacheka, mama wa watu, mpaka akashika mbavu. Habari za binti wa jirani hazikusikika tena.

Mwezi uliofuata mume wangu alinunua shati jeupe la mikono mirefu, kama lile ambalo kwetu hupewa kaka wa bibi harusi, tukaenda Kanduyi na watoto wetu. Baba alitoka kutupokea, na alipoona hilo shati alielewa kabla hajaambiwa. Alikuwa mzee sasa. Akashika nguzo ya veranda.

"Nimeleta haki ya shemeji yangu," mume wangu akasema. "Kwa desturi ilipaswa kutoka siku ya mahari. Nimechelewa, mnisamehe."

Mtu tuliyemkosea ndiye aliyeomba msamaha. Kaka alivaa shati juu ya shati lake la zamani, akageuza uso pembeni, akasema, "Shemeji, shemeji, shemeji." Mwanangu akamfuata nyuma, akirudia vilevile, na wote wawili wakaanza kupiga mikono hewani.

Mama yangu alikuwa jikoni. Kwetu mwanamke hamkaribii mkwe wake wa kiume. Hawashikani mikono wala hawaketi pamoja. Nikamsikia akija hadi nyuma ya ukuta wa udongo, akasimama hapo.

"Baba wa wajukuu wangu," akasema kupitia ukutani, "Mungu akubariki. Mtoto wangu leo amepata ndugu."

Mume wangu alivua kofia, akauelekea ukuta.

"Asante, mama," akasema. "Sasa tupikie chai. Shemeji anasema kuna ndama mwingine wa kuona."