Siku Baba Alipocheza Isolo kwa Babu

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Usukumani mnajua, pamba ikishauzwa wanaume walibaki na jambo moja tu la kuwaumiza kichwa: isolo. Ndilo bao letu la mashimo na kete za mbegu, na kila kijiji kilikuwa na chama chake, kama vilivyokuwapo vyama vya ngoma. Cha kwa babu yangu Masele, upande wa Shinyanga, kiliongozwa na babu mwenyewe, na mchezaji wake hodari alikuwa Mabula, fundi cherehani. Mabula hakufanya uamuzi mzito bila kunusa ugoro kwanza. Akipiga chafya, tulijua kuna mtu anakwenda kuliwa kete zake.

Sisi tuliishi machimboni Geita. Baba alikuwa Mngoni wa Songea aliyekuja kufanya kazi kwenye dhahabu, akamwoa mama akamhamishia huko. Babu hakulimeza hilo. Kila tulipokwenda likizo baba alimwamkia, "Shikamoo baba," babu akajibu, "Marahaba," na mazungumzo yakaishia hapo. Wanaume wa nyumbani walikula pamoja, baba akatengewa sahani yake peke yake kama bwana shamba aliyekuja kukagua. Alitafuna polepole ili asimalize kabla yao. Mimi binti yake niliyaona hayo na yaliniuma. Mama alikuwa akiniambia, "Babu yako hamchukii baba yako. Anaichukia ile barabara ya Geita."

Mwaka mmoja Mabula alishikwa na homa siku ileile chama cha ng'ambo ya mto kilipokuja kutukabili, na ngoma zao na tambo zao. Wachezaji wetu waliobaki walikuwa wazee ambao hata kete hawakuziona vizuri. Mjomba akamsogelea babu akasema, "Shemeji anacheza. Kule machimboni wanachimba mashimo ardhini wakisubiri zamu, wanacheza."

"Basi akae," babu akasema, akitazama pembeni.

Sasa, desturi yetu ilikuwa kwamba ukila kete za mwenzako unajitangaza kwa sauti: mimi ng'wana fulani, yaani mwana wa fulani, na watu wako wanakuitikia. Asiyejitangaza alionekana mwoga, na watazamaji walimhama. Baba akala kete, akanyamaza. Jina la baba yake lilikuwa na wa kuliitikia Songea; hapa angeitikia nani? Akala tena, kimya. Mpinzani wake alijitamba hata kwa kete mbili za kuokoteza, na watu wetu wenyewe wakaanza kuhamia kwake wakicheka. Nilikuwa nyuma ya baba, naona jasho likimtiririka shingoni na mkono ukianza kusita juu ya mashimo. Niliomba tushindwe upesi twende zetu Geita.

Ndipo babu akainuka na kigoda chake, akaja kukiweka nyuma ya baba. Baba alipokula tena, babu akanguruma, "Ng'wana Masele!"

Ukoo mzima ukaitikia. Baba akageuka kumtazama, na babu akamwambia kwa ukali uleule wa siku zote, "Cheza, wasije wakadhani umechoka."

Alishinda. Jioni bibi alileta michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na maziwa ya mgando kwa wanaume wote pamoja, na nilipochungulia nilimwona baba akila harakaharaka, akigombea na wajomba. Nililia kwa furaha, nikasingizia moshi.

Siku hizi wajukuu zangu wanacheza sataranji kwenye simu, na mtu aliye nchi wasiyoijua. Ni werevu kutushinda, nakiri. Lakini nikimuuliza mmoja amemfunga nani, ananijibu bila kuinua uso, "Sijui bibi, ameshaondoka." Nacheka, na kidogo nawaonea huruma. Wanapata ushindi mwingi kwa siku moja, na hakuna hata mmoja unaowaletea jamaa nyumbani.

Namshukuru Mungu kwa mchezo ule, na kwa sauti ya babu. Baba hakurudi Songea tena. Tulimzika Shinyanga, kwenye makaburi ya wana wa Masele, na hakuna aliyeuliza alitoka wapi.