Wakili Niliyemzua Mahakamani

Nilimdanganya hakimu. Nalisema mapema, kabla hujalisikia kwa mwengine likiwa limetiwa chumvi. Nilisimama mahakamani na sare yangu ya skuli, nikasema kwa sauti: "Mheshimiwa, mshtakiwa ana wakili!"

Hakuwa na wakili. Mshtakiwa ni mjomba wangu, mkwezi wa minazi kutoka Bongwe, na wakili hata wa kusalimiana naye njiani hamjui.

Hoteli moja ya Diani ilimwita aangue nazi kabla hazijawaangukia wageni utosini. Akaangua, akajitengea fungu lake kama wakwezi wote wafanyavyo kwetu, hakuna anayeandikiana. Meneja, aliyekuja juzi tu kutoka bara, akaita polisi. Wizi wa nazi ishirini.

Asubuhi ile karani akamsomea shtaka. "Ni kweli au si kweli?"

Mjomba, muungwana kupita kiasi, akaweka mkono kifuani. Akamwamkia hakimu, binti wa umri wa wanawe: "Shikamoo, Mheshimiwa. Ni kweli nilizichukua..."

Mama akanifinya paja. "Ndugu yangu anajifunga mwenyewe!"

Karani alikuwa keshainamia daftari. Ile "ni kweli" ikiandikwa peke yake, mjomba anakwenda jela. Ndipo mdomo wangu ulipofunguka bila ruhusa yangu.

"Yuko wapi huyo wakili?" akauliza hakimu.

"Yuko... chooni, Mheshimiwa."

Watu wakaangua kicheko. Mjomba naye akageuka kutazama mlangoni, akimngoja wakili wake kwa hamu.

"Mlete. Dakika kumi."

Nikatoka mbio. Nje nilimkuta dada mmoja, joho jeusi begani, anakula viazi karai kwa hadhari asijidondoshee ukwaju.

"Shikamoo, dada wakili. Mteja wako anakungoja."

"Mteja yupi? Kesi zangu za leo zimekwisha."

"Mjomba wangu. Pesa hana, ila adabu anayo tele."

Akacheka mpaka akapaliwa. Nikamweleza habari ya fungu la mkwezi, na ya wakili niliyemzua. Akafuta vidole. "Wasio na uwezo mimi huwasimamia bure. Lakini wakili huombwa, hazuliwi. Twende."

Ndani akaeleza kwamba mteja wake amekubali kuchukua nazi, hajakubali kuiba. Hakimu akaagiza iandikwe kwamba amekana shtaka, akamwachilia kwa dhamana isiyo ya pesa mpaka kesi isikizwe. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe! Hata sikuwa nimemaliza kumsikiliza. Haki yake ya wakili ningemweleza mwenyewe. Simama pembeni pale mpaka saa sita."

Nikasimama. Mzee mmoja aliyeshtakiwa kwa kuku akaninong'oneza nimtafutie na yeye.

Saa sita nikatoka. Mama alikuwa amemshika kaka yake mkono, anajifuta machozi kwa ncha ya leso. Aliponiona, machozi yakakauka papo hapo.

"Kaka yangu leo atalala kwake, alhamdulillahi. Wewe ndiye sijui utalala wapi."