Jiwe la Kizingiti Changu

Mwaka jana nilirudi Mahajanga kwa arobaini ya mama yangu mdogo, aliyebaki huko ameolewa mtaa wa mbali, na asubuhi yake nikapanda peke yangu mpaka ngomeni. Usidhani nilikwenda kutalii. Lango bado lipo, na vipande vya ukuta vilivyoota majani. Watu wameanika nguo juu yake. Kijana mmoja akataka kunieleza kwa Kifaransa habari za askari wa mfalme wa nyanda za juu walioijenga. Nikamwambia ngome hii naijua. Sikumwambia naijuaje.

Tulikaa chini ya kilima hicho, katika nyumba ya mabati ya bibi mzaa mama. Kwetu sisi wenye asili ya Ngazija nyumba ni ya mwanamke, na mume ndiye huhamia. Baba akipata binti wa kwanza huanza kumjengea hata kabla hajaachishwa ziwa, maana bila nyumba ataolewa wapi? Baba yangu, mpakuzi wa shehena bandarini, alichelewa. Nilifikisha miaka minane nyumba yangu ikiwa bado mtaro wa msingi uliojaa maji kila mvua ikinyesha, na vyura ndio waliokuwa wapangaji wangu wa kwanza.

Miaka ile ilikuwa mibaya. Watu wetu walikuwa wameuawa mjini, na waliosalia wengi wakarudishwa visiwani kwa meli na ndege. Sisi tulifichwa na jirani Msakalava, muuza mchele, nyuma ya magunia yake. Mtaa ulibaki kimya. Hata yule mama aliyetukaangia vitumbua kila Ijumaa aliondoka na ndoo moja tu. Ndugu zake baba wakamwita aende nao. Alikataa, akasema msingi wa mtoto hauachwi wazi. Bibi akamwambia mkataa pema pabaya panamwita, lakini naye akabaki.

Saruji haikupatikana, na mchele wenyewe tuliupangia foleni. Ndipo baba akakumbuka ngome. Kila Jumapili asubuhi tulipanda na toroli, mimi nimebeba birika la maji ya ukoko, yale yanayochemshwa ndani ya sufuria ya wali ulioungua kidogo. Yalikuwa machungu na mimi niliyapenda. Baba aliokota mawe yaliyoanguka, akagonga chokaa ya zamani kwa nyundo, tak, tak, nami nikapanga madogo pembeni huku pua imejaa vumbi jeupe. Furaha ile sijaipata tena popote.

Jirani yule alikuwa akituona tukishuka.

"Mawe ya kule juu ni fady," alimwambia baba, yaani mwiko. "Watu walikufia pale."

"Jiwe halina dini, dada," baba akajibu. "Nitalisilimisha kwa chokaa."

Wakacheka wote wawili, ila jirani hakukanyaga tena kiwanja chetu. Si kwamba baba hakuwa na mwiko wake. Kila Jumapili aliniambia: lililoanguka ni letu, lililosimama si letu.

Mimi nikaliona jiwe. Lilikuwa chini kabisa ya ukuta, karibu na lango, limechongwa, refu kama benchi, laini hata ukilipapasa kwa shavu. Nikalitaka liwe kizingiti changu. Nilimwomba Jumapili tatu, akakataa. Ya nne nikanuna, nikagoma kumpa maji. Alinitazama akiwa amelowa jasho, akacheka.

"Haya, bibi harusi," akasema, akachukua mtaimbo.

Ukuta haukutoa hata mlio wa kumwonya. Nakumbuka vumbi, na birika mkononi mwangu, bado limejaa.

Aliishi siku mbili, amelazwa sebuleni kwa bibi, na watu wamejaa mpaka mlangoni. Mama akamuuliza mbele yao kwa nini alilichokonoa jiwe lililosimama, yeye aliyekuwa akitukataza. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake. Akanitazama.

"Nililipenda mwenyewe," akasema kwa shida. "Mtoto alikuwa mbali, anacheza."

Jirani alisema ni fady. Bibi alisema ni kadari. Mama alichagua hasira. Mjomba akaja kutuchukua, tukahamia kwake Unguja, na msingi wangu leo umebeba nyumba ya watu nisiowajua. Bibi hayupo, jirani hayupo, na mtaani sikusikia mtu hata mmoja akisema lugha ya nyumbani kwetu.

Kila mwaka tulimsomea baba khitma. Wageni wakishakula, mama alisimulia habari ya jiwe, na kila mara alimalizia vilevile: mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Wanawake wakatikisa vichwa, nami nikapitisha chai. Nilikuwa binti, nikawa mke, nikawa mama wa watoto, na bado nilipitisha chai nikanyamaza. Mama amekufa akiwa bado amemkasirikia mumewe.