Kompyuta Iliyohema

Juzi, hapa Kitale, binti yangu alikuwa akipima kama kompyuta yetu kuukuu itauweza mchezo mpya. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kule Bungoma. Binamu yangu Wafula alikuwa ameleta mchezo, lakini mjomba alihofia utaiharibu kompyuta yake, kwani ndiyo aliyoitumia kuwachapia watu barua kupata riziki. Niliiwekea sikio mgongoni, penye harufu ya vumbi lililopata moto, kama baba alivyomsikiliza maksai mzee kabla ya kumfunga nira. Nilidhani ndani mna mapafu.

"Inahema," nikasema.

"Ati inahema! Si uipe nyasi, bana!" Wafula akacheka.

Mjomba hakucheka. Aliifungua, akakuta feni imezibwa na vumbi, akaisafisha. Mchezo ukakubali.

"Daktari wake ndiye ataanza," mjomba akasema, na Wafula akanipisha kiti.