"Feki," Alisema Fundi wa Busia

Saa nne asubuhi, mwanamke mmoja alivuka mpaka wa Busia akiwa amebeba mgongoni jitu lenye pembe. Alikuwa amelifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga.

Watu kwenye foleni walichungulia. Wakacheka.

Yeye hakucheka.

Nyuma yake alikuja shemeji yake, mikono mfukoni, anapiga mluzi.

Walikuwa wanakwenda kwa Phanuel.

Phanuel ana kibanda upande wa Kenya. Anauza midoli ya mitumba. Marobota yakifunguliwa, wenzake wanapigania viatu na majaketi, yeye anachakura midoli. Na wateja wake si watoto. Ni watu wazima wa Nairobi na Kampala, watu na kazi zao, wanaokusanya sanamu za mashujaa na maadui wa vitabu vya katuni, wanaziweka kabatini na hawaruhusu mtu kuzigusa.

Kwenye magrupu ya WhatsApp wanamwita Hakimu. Akisema orijino, ni orijino. Akisema feki, hata bure humpati mtu wa kuichukua.

Na sifa hiyo aliipenda. Tuseme tu ukweli, ilimpanda kichwani.

"Jambo, fundi," mwanamke alisema. "Mimi naitwa Annet. Natoka Kiyeyi, kule Tororo. Huyu ni Oluka, ndugu ya bwana yangu. Bwana yangu alikufa, akaacha hii kitu. Tunataka utuambie kama ni ya kweli."

Akafungua kitenge.

Phanuel aliruka kutoka kwenye kiti. Kutu!

Kama hujawahi kusoma vitabu vyake, Kutu ni yule adui mwenye koti la chuma chakavu. Akigusa daraja, linamomonyoka. Sanamu zake ni adimu mno. Phanuel mwenyewe alikuwa nayo moja, ndani ya kisanduku cha kioo juu ya rafu. Aliinunua miaka tisa iliyopita na hakukubali kuiuza kwa mtu yeyote.

"Marehemu aliitoa wapi?"

"Ochwo alikuwa mpishi ya jeshi. Walimpeleka Somalia. Kuna muzungu wa kutengeneza mitambo alikuwa anakula kwake, akampa siku ya kuondoka. Ochwo akaniambia, Annet, hii ni ya kweli, usikubali mtu akudanganye."

Phanuel akashusha Kutu wake, akamsimamisha kando ya Kutu wa Annet. Akatoa lenzi.

Alianza na macho ya Kutu wa Annet. Rangi haikuvuka ukingo wa kope. Safi.

Akakunja viwiko na magoti. Vilikaza vizuri, kila kimoja na mlio wake mdogo. Akapitisha ukucha kwapani, pale nusu mbili za plastiki zinapokutana. Mshono haukukwaruza. Meno yalichongwa moja moja, ilhali ya Kutu wake yalikuwa ukanda mmoja uliopakwa mistari.

Hapo alisita kidogo.

Kisha akazipima kwenye mizani. Ya Annet ilikuwa nyepesi sana, kama haina kitu ndani. Yake ilikuwa nzito, imejaa.

Akageuza nyayo. Yake ilikuwa na muhuri wa kiwanda. Ya Annet haikuwa na kitu. Kisigino kitupu.

Basi. Akaweka lenzi chini.

"Feki," alisema.

Annet alimtazama kama hakusikia. "Angalia tena, ssebo," aliomba, kwa heshima ya Kiganda.

"Sista, mimi huangalia mara moja. Nyepesi, haina muhuri. Aliyeitengeneza ni mjanja, nampa heko, lakini hii ni feki."

Oluka akaacha kupiga mluzi.

"Umesikia mwenyewe, Annet. Fundi, nikuambie. Ndugu yangu kabla ya kufa alisema maneno mawili. Moja, hii sanamu ni ya kweli. Mbili, shamba ya Kiyeyi ni ya Annet na wasichana wake. Hakuandika popote. Sisi kwa ukoo tukakubaliana: kama neno moja ni kweli, na lingine ni kweli. Kama alidanganya kwa moja, alidanganya kwa yote, na shamba inabaki kwangu, ndugu yake."

Hakuna aliyemwambia Phanuel hayo kabla.

Angeweza kusema ngoja. Angeweza kusema yale meno yananitatiza, nipeni wiki. Lakini alikuwa ameshatamka, na Hakimu harudi nyuma.

Annet hakulia. Alikikunja kile kitenge, akakikunja tena, hadi kikawa kidogo kama leso ya mfukoni. Sanamu akaibeba mkononi, kichwa chini, kama kuku wa kuchinjwa.

Ikapita miezi saba.

Siku moja akaja Patience kutoka Kampala. Huyu mama anakusanya sanamu tangu Phanuel hajajua kitu. Alikuwa amemsumbua miaka mingi amuuzie Kutu, na safari hii Phanuel akalegea.

Patience alimshika Kutu kwa sekunde kumi tu. Hata lenzi hakutoa.

"Phanuel, nani alikuuzia huyu?"

"Kwa nini?"

"Mzito. Kutu wa kwanza kabisa alikuwa mtupu ndani, na hakupigwa muhuri. Hawa waliomuiga ndio waliomjaza plastiki, wakamgonga muhuri ili watu waamini. Na tazama meno haya. Nani alikufundisha?"

Hakuna aliyemfundisha. Miaka tisa alikuwa anapima vitu vya watu kwa kitu feki.

Phanuel alifunga kibanda, akavuka mpaka siku hiyo hiyo.

Kiyeyi hakumkuta Annet. Kwenye shamba kulikuwa na seng'enge mpya na mihogo ya mtu mwingine. Jirani akamwelekeza Rubongi, karibu na kambi ya jeshi. Huko akamkuta nyuma ya duka fulani, anachambua maharagwe ya mwenye duka.

Alimweleza yote akiwa amesimama. Hakujipunguzia hata neno.

Annet aliendelea kuchambua.

"Iko wapi sanamu?" Phanuel aliuliza. "Niipe, niende nayo kwa ukoo. Nitasema mbele yao kwamba nilikosea."

"Nilichoma."

"Ulichoma?"

"Na nguo zake, na picha. Kila Jumamosi nilikuwa napalilia kaburi yake kule shambani. Niliacha. Wasichana wakiuliza baba, niliwaambia baba yenu alikuwa mwongo." Sauti haikupanda hata kidogo. "Sasa wewe unakuja na hiyo maneno yako. Unataka nini, fundi? Nikusamehe, urudi Kenya ulale vizuri?"

Phanuel akaondoka.

Alichoweza ni kwenda kwa Oluka. Alimkuta nyumbani kwake, amekaa kivulini, anakula chungwa.

"Nilikosea," Phanuel alisema. "Ile sanamu ilikuwa ya kweli. Ndugu yako hakudanganya."

"Najua," Oluka alijibu.

"Unajua nini?"

"Ochwo hakujua kudanganya, tangu tukiwa watoto." Akatema mbegu. "Wiki moja kabla ya kumleta Annet, nilikuja kwako peke yangu. Hunikumbuki? Wateja wako ni wengi. Nilikuuliza habari ya Kutu, ukanionesha yako. Ukanipa niishike. Ukaniambia, ambayo haifanani na hii ni feki. Nikaona ya ndugu yangu haifanani. Nikasema, huyu ndiye fundi ninayemtaka."

Phanuel akageuka kuondoka.

"Nitawaambia ukoo."

"Waambie. Watasema tuoneshe sanamu. Utaonesha nini? Na shamba nilishauza. Aliyenunua alishapanda."

Phanuel alikwenda kwa ukoo. Wakamkaribisha kiti, wakamsikiliza, wakamwambia asante kwa kuja. Yakaishia hapo.

Nimeandika haya kwa sababu Phanuel mwenyewe aliniomba, na akataka jina lake liwepo. Kibanda amefunga. Siku hizi anasukuma baiskeli ya mizigo pale mpakani, na mtu akimtumia picha ya sanamu hamjibu.

Ukiwa mtu ambaye wengine wanasubiri neno lako, jiulize kwanza hicho unachopimia ulikitoa wapi. Kisha umtazame vizuri aliyekuletea swali, kwa sababu wengine wameshalijua jibu lako, na ndiyo maana wakakuchagua wewe.

Phanuel alipita tena Rubongi kumuaga Annet. Mwenye duka akamwambia hayupo, amekwenda Kiyeyi na wasichana wake kutafuta kaburi la Ochwo. Aliyenunua shamba alishalima pale, na sasa wanabahatisha lilipokuwa.