Robo Saa ya Mzee Hanratty

Saa nne kamili asubuhi, Noreen Hanratty anafuta kaunta ya baa yake taratibu, kama anapangusa uso wa mtoto aliyelala. Nje theluji inadondoka kimya juu ya mitaa ya kusini mwa mji wa Buffalo, Marekani. Saa ya ukutani inasema saa nne na robo, na hakuna mteja anayeibishia.

Noreen, 58, ni kizazi cha tatu hapa. Babu yake alitoka Ayalandi akafungua baa hii mwaka 1938. Baba yake, Eamon, ndiye aliyeisogeza saa mbele kwa robo, ili wanywaji wawe wameshatoka muda wa kufunga kisheria ukifika.

Baa nyingi za mji hufanya hivyo. Lakini hapa watu walihamia kabisa ndani ya robo saa hiyo, muda usio wa bosi wala wa mke. Ukikaa humo, bia nyeusi ikitulia polepole kwenye glasi, unahisi dunia imekusahau kidogo, na unaishukuru.

Februari mwaka huu Eamon alifariki akiwa na miaka 86. Mwili ulilazwa ghorofani juu ya baa, sebuleni kwake, na kwa desturi ya Waayalandi majirani wakafunika vioo na kusimamisha saa zote za nyumba, hata ya baa. Baada ya mazishi Noreen aliiwasha tena. Akailinganisha na simu yake.

"Sikufikiria kabisa," anasema. "Nilikuwa nimelia mpaka macho yamevimba."

Wiki hiyo mambo yalikwenda kombo. Bi Peg Lafferty, 79, kwa miaka yote huinuka saa ya baa ikifika kumi na moja jioni, na huliwahi basi vizuri. Sasa likamwacha siku tatu mfululizo, akaganda kituoni. Wengine walikunywa harakaharaka na kuondoka bila kujua kinachowakera ni nini.

Fintan, mdogo wake Noreen, dereva wa gari la kuzoa theluji, alisema baa imekwenda na mzee. Alikuwa amepata mnunuzi anayetaka kuibomoa ajenge maegesho. Bila saini za wote wawili hakuna kuuza, na Noreen alikuwa ameshaanza kulegea.

Siku ya nne Bi Peg alisimama mbele ya kaunta, koti limelowa chapachapa.

"Mwanangu, baba yako alinipa robo saa kila siku kwa miaka arobaini," alisema. "Nirudishie."

Noreen alipanda juu ya kiti, akasogeza mshale mbele kwa robo. Anasema aliposhuka alimkumbuka baba yake kwa uchungu kuliko siku ya kuzikwa, na hapohapo akajua hauzi.

Leo Fintan amekuja kuchukua jibu. Anakung'uta theluji kwenye buti, anaitazama saa, kisha anamgeukia dada yake.

"Kwa hiyo husaini."

"Sisaini."

"Na mapipa ya bia atakupandishia nani kutoka stoo ya chini? Na mgongo wenyewe huo."

"Wewe. Kila Jumamosi."

Fintan anavua glavu. Anasema Jumamosi ana zamu, labda Jumapili, baada ya misa. Noreen anasema Jumapili itafaa.

Ukimuuliza mipango yake, hataji kupanua baa wala kuipaka rangi. Anataka ndugu yake awe anakuja.