Aifoni ya Dada

Dada yangu alinitumia ile aifoni kwa basi kutoka Mwanza. Aliiviringisha ndani ya sweta na kuizungushia dagaa, ili mwenye tamaa akifungua mfuko akutane na harufu kwanza. Nilipanda bodaboda kutoka Endasak hadi Katesh kuipokea, na wakati wa kurudi niliupakata ule mfuko huku dereva akilalamika kwamba nanukisha barabara nzima.

Jioni dada akapiga.

"Umeipata?"

"Nimeipata, dada. Asante sana, Mungu akubariki."

"Basi hamia leo leo. Na ile ya zamani mtumie binti wa kaka, ameshapangiwa chuo Dodoma na hana simu ya maana. Nimeshamwahidi."

Huyu dada ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa shule ya msingi, na yeye aliacha mafunzo yake ya ushonaji akaingia sokoni kuuza nyanya ili mimi niendelee kusoma. Akiniambia "hamia", masikioni mwangu si ushauri.

Na mimi mwenyewe nilitaka kuhama. Simu yangu, Android ya siku nyingi, ilikuwa nzito kufunguka na kamera yake ilikuwa na ukungu. Asubuhi ya kwanza nilitoka nje na aifoni nikaupiga picha Mlima Hanang, wingu likiwa limekaa kiunoni, na ile picha niliitazama mpaka nikachelewa gwaride la shule. Tangu nipangiwe kazi huku sikuwahi kuuona mlima ule vizuri namna ile.

Kilichonizuia ni mwalimu mwenzangu wa Historia.

Ni mtu wa Masieda, upande wa Mbulu, amenizidi umri sana, na kila asubuhi humwamkia kabla sijaweka mkoba chini. Presha ya macho ilimpunguzia nuru kidogo kidogo mpaka akawa haoni tena ubao. Kazi hakuacha, kwa sababu somo lote alikuwa nalo kichwani. Kilichomtesa ni simu. Ujumbe ukiingia, ilibidi amtafute mtu wa kumsomea. Siku moja ofisini mwalimu mgeni alimsomea kwa sauti, bila kuangalia kwanza, ujumbe wa binti yake aliyekuwa anamweleza kwamba ndoa imemshinda na anaomba kurudi nyumbani. Walimu wote tulisikia. Yeye alisema tu, "Asante, mwalimu," akanyoosha mkono apewe simu yake.

Baada ya siku hiyo nilianza kuichunguza simu yangu, kwa sababu yake na yangu zilikuwa za aina moja. Nikakuta ina sehemu ya kumsomea asiyeona kila kilichoandikwa. Nilijifunika kitenge usoni nikajifunza gizani: kuburuta kidole, kusikiliza, kugonga mara mbili. Nilichokielewa leo nilimfundisha kesho yake, tumekaa kwenye benchi nyuma ya ofisi. Siku aliposoma ujumbe wake wa kwanza peke yake, simu ikimnong'oneza sikioni, alicheka.

"Hii inaongea Kiswahili kama padri aliyeshuka kwenye ndege juzi."

Lakini simu hizi hujibadilisha zenyewe. Unaamka, kitufe kilichokuwa chini kimepanda juu. Likizo akiwa kwao Masieda hunipigia, nami naweka sauti kubwa, nafungua ukurasa ule ule kwenye simu yangu, namwongoza. "Telezesha kulia, mwalimu. Inasemaje?" Ananiambia inavyosema. "Haya, gonga." Tumetatua mengi kwa njia hiyo. Nikihamia aifoni na ya zamani ikienda Dodoma, nitamwongoza kwa kukisia tu.

Kwa hiyo sikuhama, wala sikukataa. Dada akiuliza, nilimwambia mtandao wa huku unasumbua. Aifoni niliiweka kabatini, nikawa naitoa nikiwa peke yangu, naipa intaneti ya simu ya zamani, napiga picha, narudisha. Mwalimu akipita nyumbani kusalimia, niliwahi kuifunika na mto wa kochi. Namficha nani? Mtu haoni, na mimi nafunika na mto.

Siku niliyoibeba shuleni kuwaonyesha walimu wenzangu wa kike, nikiwa nimeipa intaneti ya simu ya zamani, dada alipiga simu ya video saa ya chai, kwa akaunti aliyoniwekea humo kabla ya kuituma. Ikalia ndani ya mkoba kwa mlio ule ambao kila mtu anaujua. Mwalimu aligeuza kichwa, kikombe mkononi.

"Nani amenunua aifoni?"

Wote wakanitazama mimi.

"Ya dada yangu, mwalimu," nilisema. "Ameniachia tu."

"Hongera yake," akasema, akaendelea na chai.

Baada ya vipindi aliniomba nimsindikize hadi barabarani. Tulitembea kando ya shamba la mahindi la shule, fimbo yake ikitangulia.

"Madam, ile simu ni yako."

"Ni yangu, mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu shule ifunguliwe. Niliogopa utaona nakuacha."

Alisimama. "Nilipoanza kupoteza macho, watu walianza kuniamulia mambo. Huyu apunguziwe vipindi. Huyu asipande pikipiki. Hawakuwa na nia mbaya. Wewe hukuwa hivyo. Wewe ulinipa simu mkononi ukasema, gonga mwenyewe. Sasa na wewe umeamua kwamba kuna habari siwezi kuzibeba?"

Nilimwomba msamaha, na nilishukuru kwamba haoni uso wangu, kisha nikaona aibu kwa kushukuru.

"Kesho ilete niishike," akasema.

Kesho yake tulikaa kwenye benchi letu, tukawasha sehemu ya kusoma kwa sauti. Ilianza kwa Kiingereza. Tulitafuta sauti ya Kiswahili tukaikosa. Labda ipo, sisi ndio hatukujua pa kuitafuta. Aliipapasa taratibu, akafungua kurasa kadhaa, akakosea, akarudia. Mwisho akanirudishia.

"Ni nzuri. Mimi nitabaki na padri wangu. Wewe hamia. Nikipotea, nitahangaika mpaka nipate."

Ruhusa nilikuwa nimeipata, tena kwa kinywa chake. Usiku huo sikuhama. Nilikaa na simu zote mbili mapajani, kisha nikampigia dada nikamweleza yote tangu mwanzo: mwalimu, benchi, na kwamba mtandao wa huku haukuwa na shida yoyote. Nikamwomba aifoni iende kwa binti wa kaka, mimi nibaki na yangu.

"Nilitaka tuwe tunaonana uso," akasema. "Nikifunga kibanda jioni, nikuone. Ndiyo maana niliinunua. Yule binti sikumnunulia yeye."

"Hata kwa hii ya zamani tutaonana, dada."

"Nakuona kama uko ndani ya moshi." Halafu akasema, "Sawa, mdogo wangu. Mtumie," akakata.

Nilipomwambia mwalimu kwamba nimebaki, hakunishukuru, na sikutegemea anishukuru. Aliuliza, "Umeamua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Si kwa kunihurumia?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa kukubali, akaniuliza kama nimemaliza kusahihisha mitihani ya kidato cha pili. Nikamjibu bado. Mpaka leo sijui kama lile "hapana" lilikuwa kweli.

Binti wa kaka yuko chuoni sasa. Hunitumia picha alizopiga, za mabweni, za marafiki zake, za machweo ya Dodoma, safi kama maji ya chemchemi. Nazitazama kuliko anavyodhani. Dada anapiga bado, ila siku hizi anapiga simu ya kawaida. Ananiuliza afya, ananiuliza mvua za Hanang, ananiambia bei ya nyanya. Juzi nilimwambia, dada, washa video basi tuonane. Akasema yuko na wateja. Nyuma yake kulikuwa kimya kabisa.